Kamera ya msituni inanasa majani tu, naomba ushauri
Wakuu habari, najitolea kukagua kamera za kunasa wanyama msituni, kubadilisha betri na memori kadi, kufyeka nyasi mbele ya lenzi basi. Sasa kuna moja imefungwa mtini usawa wa goti inaangalia mashariki, kila nikifungua kadi ni mapicha kibao ya majani yakipepea na jua la asubuhi, mnyama hata wa dawa hakuna, halafu sisimizi nao wamehamia ndani wamejaza mayai kwenye springi za betri (yaani hawa viumbe!). Najua sensa ya kamera (kile kihisio kinachoiamsha ipige picha) inashtuliwa na joto linalosogea, je nikiigeuza iangalie kaskazini itatulia au nipunguze tu usikivu? Naogopa vinyama vidogo vitapita bila kupigwa picha. Na sisimizi mnawatoaje bila kupuliza dawa, maana harufu si itafukuza wanyama wenyewe?