Naomba ushauri: nikague nini ndani ya GR86 mpya?

Wakubwa, shikamooni. Kaka yangu hapa Lubumbashi anataka kununua Toyota GR86 mpya, lile gari dogo la michezo la milango miwili, na amenipa kazi ya kuikagua ndani kabla hajalipa. Injini ya lita 2.4 kutoka Subaru sina shaka nayo. Kinachonisumbua ni dashibodi: plastiki ngumu, ukiigonga kwa kidole inalia kavu. Viti vya mbele vinakushika mbavu vizuri sana; vya nyuma ni vya kuwekea mkoba tu.

Kiangazi vumbi letu jekundu huingia kila penye upenyo. Je, plastiki hiyo itaanza kulia mapema, au ndiyo inayodumu kuliko ile iliyovishwa ngozi? Nibonyeze wapi, nivute nini? Pesa ni nyingi, jamani.