Denon X3800H, Onkyo RZ50 au prosesa ya kujitegemea?

mzee_wa_besi
Wakuu habari za jioni. Nimejichanga muda mrefu, sasa nataka nimalizane na hii sebule. Spika ninazo tano na sabufa mbili (nikisema sabufa namaanisha boksi la besi lenyewe, sio ile seti nzima ya flashi na redio ya Kariakoo). Nimebaki na risiva (prosesa na amplifaya boksi moja) ya Denon AVR-X3800H, Onkyo TX-RZ50, au nijilipue na prosesa tupu (inachambua sauti tu, haisukumi spika) kama Marantz AV 10 afu amplifaya nitafute mdogo mdogo. Chumba mita 4 kwa 5.

fundi_waya
Mkuu AV 10 ni chaneli 15.4 (spika 15, sabufa 4), we una spika tano, hilo ni basi la kupeleka mtoto mmoja shule. Na haina amplifaya ndani, itakaa mezani inawaka taa tu mpaka upate hela ya pili. X3800H ina pre-out zote (tundu za kutolea sauti kwenda amplifaya nyingine), siku ukitaka nguvu zaidi unachomeka amplifaya ya nje na yenyewe inabaki prosesa.

dada_rimoti
Mi ninayo RZ50. Kilichonipeleka huko ni Dirac Live (programu ya kupima chumba kwa maiki na kurekebisha sauti), inakuja nayo kabisa, Denon inakupa Audyssey XT32 (kazi ileile, kampuni nyingine) na Dirac unalipia leseni pembeni. Sebule yangu vigae na ukuta mtupu, besi ilikuwa inanguruma kochi la pembeni ukikaa katikati hamna kitu, nilivyopima tu maneno ya muvi yakaanza kusikika bila kuongeza sauti. Ila ukipima zima feni na watoto watoe nje.

mzee_wa_besi
Na sabufa zangu mbili?

fundi_waya
Hapo Denon anashinda. Tundu nne za sabufa, kila sabufa unaipanga kivyake. RZ50 zipo mbili tu.

stepdauni
Mnaongea Dirac hamna aliyeuliza volti 😂 Ya Marekani ni 120, kwetu 230, ukichomeka moja kwa moja ni moshi. Mi niliishia na transfoma zito kama tofali, linaunguruma kuliko sabufa. Soma stika ya nyuma, za Uingereza na Dubai hazina shida.

msela_wa_gemu
Mzee unaangalia nini kwanza? Kama ni Netflix tu, Atmos yake (sauti inayotoka mpaka juu ya kichwa) ni Dolby Digital Plus iliyobanwa, inapita hata ARC ya kawaida (HDMI inayorudisha sauti kutoka TV), TrueHD isiyopunguzwa ubora ni mambo ya Blu-ray. Na bila spika za juu Atmos utaisoma kwenye skrini tu, kwa hizo tano hata X1800H inatosha, chenji nunua zulia na mapazia mazito.

mzee_wa_besi
Umenichoma 😅 ila dari ni jipsam, fundi hajapaka rangi bado, natoboa matundu manne ya spika za juu wiki hii. Basi X3800H ya volti 230, Dirac mwakani. Dada hiyo maiki ya kupimia naiegesha kwenye kochi?

dada_rimoti
Hapana kaka, stendi, usawa wa masikio ukiwa umekaa. Mi ya kwanza niliiweka juu ya mto nikarudia yote.