Nimeitwa kwenda kutumika kijijini Katavi ila mume hajasikia wito na mama ananitegemea, naombeni ushauri

Mkunga_Tabata
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri wa upendo, hili jambo linaninyima usingizi toka mwaka jana.

Mimi ni nesi mkunga, mwaka wa 12 huu kazini, niko hospitali binafsi hapa Dar. Nina mume na watoto wawili, tumepanga Tabata, maisha sio ya kitajiri ila tunashukuru Mungu, maji yanatoka, watoto wako inglishi midiam, mkopo wa gari tumemaliza mwezi wa tatu.

Sasa mwaka jana mwezi wa nane kanisa letu lilienda kupima watu afya mkoa wa Katavi, ukishuka Mpanda bado unapanda bodaboda mpaka mgongo unakufa ganzi. Zahanati ya kanisa pale ina nesi mmoja. Usiku wa pili wakaleta mama kwenye kitanda cha kamba kimefungwa juu ya baiskeli, kajifungulia njiani, mtoto mzima ila kondo la nyuma limegoma kutoka na damu inamwagika tu. Gari la rufaa hakuna. Nikashika simu kwa meno iwe tochi nikaingiza mkono nikalitoa, nina glavu fupi zile za kawaida, damu ilinifika kwenye kiwiko. Oksitosini, ile dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, zilikuwa chupa mbili kwenye friji ya sola, zote nikazitumia kwake. Akapona.

Asubuhi bibi yake akaja akanishika mikono miwili. Nilidhani anashukuru kumbe anauliza, "unaondoka lini?" Sikuweza kumjibu. Hilo swali mpaka leo nikipiga magoti naanza nalo.

Wale watumishi wa zahanati wameniita, mshahara ni kama theluthi ya huu wa sasa. Mume wangu anasema wito umeusikia wewe, mimi sijausikia. Na mama yangu yuko Moshi ana kisukari, insulini ya kila mwezi nanunua mimi. Je, ni Mungu ananiita au ni huruma tu imenishika?

Shamba_la_Bwana
Dada nenda!! Ibrahimu aliambiwa toka akatoka hata kwa kwenda hajui. Yesu alishasema aliyetia mkono wake kulima kisha akaangalia nyuma hafai. Ukisubiri mambo yote yakae sawa utazeekea hapo hapo Tabata. Aliyekuita ndiye atakayelisha.

Mke_wa_Mwinjilisti
Shikamoo kwa walionizidi umri. Mdogo wangu, mimi nitakwambia tofauti kidogo kwa sababu mimi ndiye yule ambaye "hajausikia". Mume wangu aliitwa, mimi nikafuata, tuko ndani ndani huku mkoa wa Kigoma mwaka wa tisa. Hakuna aliyeniuliza. Miaka miwili ya kwanza sanduku langu sikulifungua lote, nguo nzuri zilikaa humo humo na nafthalini kama mtu anayesubiri gari, na moyoni nilikuwa na hasira na mume, na kanisa, na Mungu pia, nikiimba kwaya kila jumapili. Umeme kukosa unazoea ndani ya wiki mbili, sola inatosha taa na simu. Usichozoea haraka ni kukosa mtu wa kumwambia leo nimechoka bila yeye kuona mke wa mtumishi karudi nyuma kiimani.

Kwahiyo usimburuze mumeo. Mchukue likizo akapaone, akalale pale, huyo bibi amuulize na yeye. Wangu mimi moyo ulifunguka siku wamama walipokuja kunilimia shamba wakati nimelazwa na malaria, hakuna mahubiri yaliyonifanyia vile.

Na kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nyumba, bima na shule ya watoto viwe kwenye maandishi. Sisi tuliahidiwa kwa mdomo.

Mwana_wa_Ituri
Salamu toka Bunia, mashariki ya Kongo. Huku kwetu Ituri hatuwezi kuongea habari ya wito bila kumtaja Apolo Kivebulaya. Yule alikuwa Mganda, mtu wa Buganda, askari kabla ya kuokoka, akabatizwa 1895, mwaka uliofuata akavuka mto Semliki akaja Boga, huku huku Ituri. Chifu Tabaro hakumtaka, na dada ya chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki wakamsingizia Apolo, akafungwa, akapelekwa mpaka Fort Portal, Uganda. Huko gerezani ndiko alimwona Bwana akimwambia asiogope. Na baadaye akarudi Boga kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akabatizwa Paulo. Alikufa 1933 na aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako neno lilikuwa bado halijafika, sio vile desturi ya kwao.

Lakini dada yangu naomba usijipime kwa Apolo. Yeye hakuoa, hakuwa na mtoto wa kumtafutia ada. Wewe ukisema ndiyo, unasema kwa midomo minne, mitano na ya mama.

Katekista_Mzee
Mkunga mwanangu, soma Marko 7 kuanzia mstari wa 9. Kuna watu walikuwa wanawaambia wazazi wao kile ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, nimeshamtolea Mungu, na Yesu alikasirika sana. Ile insulini ya mama yako usiitoe sadaka, sio yako kuitoa. Kaa na ndugu zako mgawane, ukiona wote wamekataa basi ujue mahesabu hayajaisha, na Luka 14 inasema anayejenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Kuhesabu sio kukosa imani. Na huruma usiidharau binti, Yesu aliona makutano akawahurumia, kazi ikaanzia hapo.

Mkunga_Tabata
Nimesoma zote nikilia, asanteni sana. Mke wa mwinjilisti ya sanduku nilimsomea mume wangu kwa sauti, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza hiyo treni ya Mpanda inaondoka siku gani.

Kaka zangu wawili wamekubali kuchangia insulini, wa tatu bado. Mama nilimpigia mwenyewe nikidhani atalia, akaniuliza tu wale wajawazito huko wanakula nini.

Likizo tumeomba mwezi wa 12, wiki tatu, mimi na yeye, watoto wanabaki kwa dada. Sijaandika barua yoyote kazini. Nimenunua glavu ndefu zile za mpaka kwenye kiwiko, boksi mbili, za kumpelekea yule nesi.