Mtafuta maji kwa waya: nimlipe, au nimpime kwanza?

MkaziKisauni
Assalamu alaikum jamani. Tuna kiwanja Kisauni, Mombasa, futi 50 kwa 100, na twataka kuchimba kisima. Fundi katuletea mzee mwenye waya mbili za shaba zilizokunjwa pembe. Kazunguka kiwanja chote, waya zikapishana karibu na ukuta wa nyuma, akasema mshipa wa maji upo hapo. Ataka elfu nane kabla ya jembe kugusa ardhi. Majirani wote aliowaonyesha walipata maji, hakuna hata mmoja aliyekosa. Mimi nina shaka, mke wangu hana. Pana njia ya kujua ukweli bila kumvunjia mzee heshima?

PampuNaBomba
Waalaikum salaam. Hapo penye "hakuna hata mmoja aliyekosa" ndipo pa kusimama. Jiulize wangapi wangekosa lau wangechimba mahali pengine. Upande huo wote, Kisauni hadi Bamburi, chini ni mwamba wa matumbawe na mchanga. Mvua hupenya na kujikusanya katika tabaka moja lililotandaa, wala hakuna mishipa. Chimba ukutani, chimba langoni, maji utayakuta kwa kina karibu kile kile. Mtoto akirusha jiwe, lilipoangukia pia pana maji.

Kinachotofautiana ni chumvi. Maji baridi ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hivyo huelea juu yake. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa na takribani mita 40 chini ya usawa huo. Sasa geuza hesabu: pampu ikishusha maji nusu mita na yakabaki hivyo, mpaka wa chumvi waweza kupanda mita 20. Hiyo ni hesabu ya vitabuni. Kisimani mpaka wenyewe ni ukanda mpana wa mchanganyiko, hivyo chumvi hukufikia mapema zaidi.

Kwa hivyo mwombe mzee aandike mambo matatu kabla ya kuchimba: kina, chumvi kiasi gani, na sehemu ipi ya kiwanja haina maji. Hilo la tatu ndilo muhimu, kwa sababu ndilo linaloweza kuonyesha wazi kwamba amekosea.

Mwl_Fizikia
Kuhusu waya: upande wake mrefu ukiinama kidogo tu mbele, waya hutulia. Ukikaribia usawa kamili, kiganja kikipinda kwa digrii moja au mbili waya huzunguka wenyewe, na mshikaji hahisi kama amefanya chochote. Mzee huenda hadanganyi kabisa. Mwaka 1852 Mwingereza William Carpenter alieleza misuli inavyotenda kwa matarajio bila mtu kukusudia, na mwaka uliofuata Michael Faraday alionyesha kwa kifaa rahisi kwamba meza zilizodaiwa kuzungushwa na mizimu zilisukumwa na mikono ya waliokaa mezani. Wengine huvisha waya ganda la kalamu ya biro ili "mkono usiguse". Ganda hupunguza msuguano, kwa hivyo waya hucheza zaidi!

Jaribio, mkikubaliana kwa heshima:

Tafuta mitungi miwili ya lita 20 inayofanana, mmoja ujaze maji, mwingine mchanga mkavu. Kwanza mwonyeshe wenye maji, waya zipishane mbele ya wote. Usiruke hatua hii, maana baadaye utaambiwa maji ya mtungi hayana nguvu. Kisha mtu wa kwanza arushe sarafu, aweke mtungi mmoja chini ya katoni, aandike, na atoke kwa mlango mwingine. Mtu wa pili, asiyejua kilichowekwa, aingie na mzee na aandike jibu lake. Rudieni mara 20. Kwa bahati tupu atapata kama 10. Kupata 15 au zaidi hutokea kwa bahati mara 2 hivi katika 100. Kiwango cha kufaulu kiandikwe kabla ya kuanza.

Yanayoharibu: matone sakafuni, anayejua kusimama karibu (macho husema), na kukatiza akiwa ameongoza.

BinShaba
Mwanidharaulia wazee. Visima vya miji yetu vilichimbwa kabla ya hizo mita zenu. Na Wajerumani walipima wakaona wako wanaoweza.

Mwl_Fizikia
Wazee walisoma ardhi, ndugu yangu: mabonde, mikuyu, visima vilivyotangulia. Huo ni ujuzi, na hauhitaji waya. Jaribio la Ujerumani ni lile la 1987 na 1988 karibu na Munich: bomba la maji lilihamishwa chini, wapimaji wakitembea ghorofa ya juu. Walichaguliwa 43 kati ya kama 500, wakafanya majaribio 843. Waliosifiwa walikuwa wachache waliochomolewa baada ya matokeo kujulikana. Mwanasayansi Mmarekani Jim Enright alipoyarudia mahesabu, hata hao walipatia raundi hii wakapotea raundi ijayo.

Tena si mchezo usio na madhara. Kifaa cha ADE 651, antena juu ya bawaba isiyo na umeme wowote, kiliuzwa Iraki kama kigunduzi cha mabomu. Muuzaji, James McCormick, alifungwa miaka 10 Uingereza mwaka 2013.

PampuNaBomba
MkaziKisauni, elfu nane hiyo nunua kipimo cha mkononi cha TDS, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, na chenji itabaki. Pima visima vya majirani mwisho wa kaskazi, Machi, kabla ya masika, wakati chumvi iko juu kabisa. Zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita ladha huanza kukera. Bahari ni kama 35,000. Kipimo hicho hakioni vijidudu, na matumbawe yana nyufa zinazopitisha maji ya choo bila kuyachuja, kwa hivyo peleka sampuli maabara hata kama maji ni meupe pe. Kisima cha mashine chahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Huyo naye muulize yale matatu, kwa maandishi.

Halafu huo ukuta wa nyuma: shimo la choo la jirani liko umbali gani nao?