Mrejesho: simbilisi wangu aliyekuwa ananyonyoka manyoya

Wakuu, niliuliza kuhusu simbilisi wangu jike anayejikuna mpaka damu, mgongo umebaki upara. Asanteni mliosema nisikimbilie dawa ya fangasi. Daktari wa mifugo hapa Moshi alimkwangua ngozi, akaangalia kwenye hadubini: utitiri wa upele! Akampima uzito kwanza, ndipo akamchoma sindano ya ivamektini, dawa ya kuua utitiri. Itarudiwa, maana haiui mayai. Mwenzake wa bandani naye kachomwa. Matandiko nimeyachoma moto.

Mliopendekeza amoksilini ya kunywa, jamani, simbilisi hapewi kabisa. Inavuruga bakteria wa tumboni, anaweza kufa. Hoho nampa kila siku, vitamini C mwili wake hauitengenezi. Magamba yanadondoka, na vinyoya laini vimeanza kuchomoza karibu na mabega. Usiku bado anajikuna kidogo.