Tupeane uzoefu: mhusika wako aliuza roho yake, mliirudishaje?

Mlinzi wa Mutindwa

Hamjambo wadau. Nimekaa na jambo hili wiki mbili na kichwa changu kimegota.

Meza yetu ina watu watano. Tunacheza Jumamosi mchana, Buruburu, kwenye meza ya chakula ya wazazi wa mmoja wetu. Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi mezani ambamo kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaongoza na dadu zinaamua, tuliianza mwaka 2019 tukiwa na seti moja tu ya dadu, tunapokezana kama kikombe cha maji. Mhusika wangu ni Kibwana, mpiganaji wa upanga. Rafiki yangu wa tangu shule, dada mmoja, anamcheza Zaituni, kasisi.

Mwaka jana Zaituni alikufa darajani, akitukinga sisi wengine. Mnajua kanuni: uganga wa kufufua unataka almasi ya thamani ya dhahabu 500, na usipite siku 10 tangu kifo. Sisi tulikuwa na dhahabu 180 na punda mmoja. Usiku ule msimamizi wetu akaleta mgeni. Mvua inanyesha, koti lake kavu, mkononi daftari la madeni. Akasema analiweza jambo hilo. Sikubishana naye hata kidogo. Kibwana akachovya kidole gumba kwenye wino.

Zaituni akaamka. Ibilisi wa meza yetu hakungoja Kibwana afe ndipo achukue chake. Roho ilitoka hapo hapo ikaingia kwenye chupa ndogo, kama ya dawa ya kikohozi. Tangu siku hiyo Kibwana hasikii ladha ya chakula, mbwa wanambwekea, na lililo baya kuliko yote, maombi ya Zaituni hayamponyi. Anamwekea mkono kifuani, msimamizi anatikisa kichwa. Mara ya kwanza ilipotokea, meza nzima ilinyamaza na yule dada akafunga daftari lake.

Haraka yangu ni hii: dada huyo amepata kazi Doha, anaondoka mwisho wa mwezi. Zimebaki Jumamosi mbili. Sitaki apande ndege Zaituni akiwa bado amebeba deni nililolichukua mimi.

Nipeni yaliyowatokea ninyi wenyewe. Kanuni za kitabu nimezisoma mpaka kurasa zimelegea.

Karani wa Ngara

Pole ndugu. Mimi kazi yangu ni kuchapa na kupanga mikataba ya watu kutwa nzima, kwa hiyo yaliponikuta nilianza na karatasi.

Mhusika wangu alikuwa elfi, kiumbe kama mtu ila anaishi karne nyingi, mpiga mishale, umri miaka 92. Alimwahidi shetani roho yake ili mto urudi kijijini kwao. Shetani wa Jehanamu Tisa, jehanamu ya mchezo huu yenye matabaka tisa, si kama pepo wa fujo tu. Hao ni watu wa sheria, wana vyeo, wana mahakama, na neno likiandikwa linawafunga hata wao. Nikamwomba msimamizi aandike mkataba wenyewe, neno kwa neno, anipe karatasi mkononi. Aliuandika kurasa mbili. Nilikaa nao siku tatu, nausoma kwenye matatu ya kwenda na kurudi.

Jibu halikuwa kwenye mkataba. Lilikuwa kwenye maelezo ya elfi. Mwili wao unakomaa haraka kama wetu, lakini kwa desturi yao elfi hahesabiwi mtu mzima mpaka afike kama miaka 100 hivi, ndipo anajitwalia jina la ukubwani. Kabla ya hapo anaitwa kwa jina la utotoni. Na mkataba wangu ulikuwa umesainiwa kwa jina la utotoni! Tukaenda Avernus, tabaka la kwanza kabisa, tukaomba kusikilizwa. Nilisimama pale sebuleni kwetu Ngara nikasema: mheshimiwa, huyu ni mtoto, kwa kwetu hajafikia hata kupewa kitambulisho, na mliyemsainisha mlijua.

Msimamizi akaniambia nirushe dadu. Ya pande 20, nikapata 17. Mkataba ukafutwa. Mto nao ukakauka tena, hilo lazima niseme, na kijiji hakikunisamehe mpaka mwisho wa mchezo.

Kwa hiyo swali langu kwako: ule mkataba unao kwa maandishi? Na shahidi alikuwa nani?

Mlinzi wa Mutindwa

Karani, asante sana. Maandishi ni mstari mmoja tu: "Roho ya Kibwana kwa uhai wa Zaituni." Shahidi hakuna. Punda alikuwepo.

Gemu Rongai

Mimi sina meza, nacheza Baldur's Gate 3, gemu ya kompyuta ya ulimwengu huo huo, peke yangu usiku. Gigabaiti 150, nilibeba diski mpaka kwa binamu yangu mwenye faiba ndipo nikaipata. Humo mhusika mmoja, Wyll, amefungwa agano na ibilisi aitwaye Mizora, na mbele ya safari anawekewa chaguo: avunje agano na baba yake apotee, au ajifunge milele ili baba aokolewe. Mara ya kwanza nilimfunga milele. Niliona huruma kwa mzee. Mara ya pili nikavunja agano, kisha nikaenda mwenyewe kumtoa mzee kule gerezani chini ya bahari, na akatoka mzima. Kumbe ibilisi alikuwa ananiuzia mlango ambao haukuwa umefungwa. Angalia kama wako naye anakuuzia hivyo.

Kumi na Nane

Yangu haikurudi. Naiweka hapa kwa sababu ni uzoefu pia.

Tulicheza kule Umoja miaka miwili. Waloki wangu, yaani mchawi anayepewa nguvu kwa agano, aliahidi roho yake siku akifa, na alikufa kabla hatujapata njia. Wenzangu waliuza kila kitu wakapata almasi. Uganga ukasomwa. Roho haikuja, kwa kuwa haikuwa huru kuja. Msimamizi alitueleza kwamba kule chini ilikwisha kuwa lemure, lile bonge la nyama lisilokumbuka hata jina lake. Tukapanga kwenda kuitafuta. Halafu nyumba tuliyokuwa tunachezea ikauzwa, msimamizi akahamia Nakuru, na hatukukaa tena mezani. Karatasi ya mhusika ninayo mpaka leo. Sijaweza kuitupa na sijaweza kuitumia tena.

Mzee wa Saiba

Kumi na Nane, pole sana. Kuna meza hufanyika mtandaoni, mwandikie msimamizi wako. Nakuru si mwezini.

Mimi ni wa zamani kidogo. Nilikutana na haya kwenye Planescape: Torment, gemu ya 1999, kwenye kompyuta ya saiba niliyokuwa naifungua asubuhi na kuifunga usiku. Wateja wakiisha, nacheza. Mhusika wake ni mtu asiyekufa. Maovu ya maisha yake yalikuwa mengi, akajua akifa atakwenda pabaya, akamwendea kigagula aitwaye Ravel ampe muda wa kutubu. Ravel akautenga umauti wake naye. Tangu hapo kila anapokufa anaamka bila kumbukumbu, na mahali fulani mtu mwingine anakufa badala yake. Vivuli vya watu hao humfuata.

Nilipofika sehemu hiyo ilikuwa kama saa tano usiku, nikazima mashine nikatembea mpaka nyumbani. Nilikuwa nimekufa mara nyingi sana katika gemu ile kwa uzembe tu, kwa sababu kufa hakukuniumiza. Nikawa najiuliza ni wangapi.

Mwishoni anaupata umauti wake, na anaweza kuurudisha kwa maneno bila upanga. Lakini akiurudisha anakwenda kulipa. Mlinzi, nakwambia hivi kwa upendo: deni la roho likiondoka kwako, tazama limehamia kwa nani. Yule elfi wa Karani, kijiji kilibaki bila maji.

Mama Pacha, Kasarani

Nimesoma zote nikiwa jikoni, wali umeungua kidogo.

Nilizaliwa 1994, mwaka ule Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani. Nyumbani kwetu maneno hayo hayakuwa mchezo. Kwa hiyo fikirieni siku mama alipoikuta karatasi ya mhusika wangu mezani, imeandikwa kwa mkono wangu: "Ameuza roho kwa shetani, apewe sauti."

Mhusika alikuwa mwimbaji. Alizaliwa na sauti ya kukwaruza, akataka kuimba kwa mfalme. Basi.

Nilimkalisha mama chini nikamweleza yote, kuanzia dadu. Nikamwambia huyu binti wa kwenye karatasi namtafutia njia ya kutoka, na kila Jumapili usiku tunakaa watu sita tunaitafuta. Mama ameuza viatu Gikomba tangu sijazaliwa. Alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Sasa alinunua nini?" Nikasema sauti. "Bado anayo?" Nikasema anayo. Akasema, "Basi arudishe. Kiatu kikirudi hakijachakaa, pesa ya mtu inarudi. Huyo mwenye duka akikataa ni mwizi, na mwizi hana haki ya kudai."

Sijawahi kuona msimamizi wetu akikosa la kusema kama siku nilipompelekea hoja ile. Tukaenda mpaka kwenye kaunta ya shetani, na mwimbaji wangu akaitema sauti juu ya meza, yote, hata ile ya kukwaruza aliyozaliwa nayo, kwa sababu mwenye duka alidai riba. Roho ikarudi. Kwa mikutano minane iliyobaki sikusema neno lolote la mhusika wangu. Niliandika nyuma ya risiti za supamaketi nikawasukumia wenzangu wasome. Wa kwanza kusoma kwa sauti alikuwa yule aliyekuwa akinikatiza kila mara hapo zamani. Alisoma polepole, akisubiri niitikie kwa kichwa kabla ya kuendelea. Bado risiti ninazo kwenye bahasha.

Mlinzi, ulinunua nini? Uhai wa Zaituni. Nadhani unajua ninakokwenda na nadhani hutapenda. Lakini usimwamulie. Mwenye kitu hicho ni yule dada, si wewe.

Msimamizi wa South B

Naongeza machache kwa upande wa anayesimamia.

Msimamizi yeyote mwenye nia njema akichukua roho ya mhusika anaacha mlango. Asipouacha, mwambieni auweke. Ongeeni naye kabla ya Jumamosi, msimvizie mezani. Mimi napenda sarafu za roho, zile za Avernus: roho imefungwa ndani ya sarafu, inaweza kutumika mara tatu, na kuifungua unaondoa laana iliyo juu yake kama unavyoondoa laana ya kitu kingine. Kundi langu moja liliikuta ya mwenzao mfukoni mwa mlinzi wa mlango, imebakiza mara moja. Nusura waitumie kununua njia. Sijapata kuwaona wakibishana vile.

Msikimbilie uganga wa kutamka tamanio. Unafanya kazi, ila hauachi hadithi.

Na kuhusu anachosema Mama Pacha: Zaituni akiurudisha uhai, amekufa, lakini roho yake ni huru. Hiyo ndiyo tofauti na ya Kumi na Nane. Siku 10 zinaanza upya. Leo kundi lenu lina dhahabu ngapi?

Mlinzi wa Mutindwa

Elfu moja na mia mbili. Sijalala.

Mlinzi wa Mutindwa

Nimerudi, Jumamosi ya pili imekwisha.

Nilimwonyesha yule dada majibu yenu siku ya Jumatano, tukiwa tunasubiri matatu pale Ambassadeur. Alisoma la Mama Pacha mara mbili. Akasema alikuwa amelifikiria tangu siku Kibwana alipokataa chakula, ila alidhani sisi tungemzuia. Tukampigia msimamizi simu pale pale.

Ibilisi alitupokea akiwa na daftari lake. Kibwana nilimfanya apinge, na nilipinga kwa dhati, mpaka Zaituni akamwambia, "Mimi sikuulizwa mara ya kwanza." Akaketi kwenye kiti cha mteja, akavua rozari, akasema amerudisha mali. Ibilisi alitafuta pa kukataa na mstari ulikuwa mmoja tu. Chupa ikafunguliwa. Msimamizi akaniuliza Kibwana anahisi nini cha kwanza. Nikasema njaa. Nikashindwa kuendelea, wakaniletea maji.

Almasi tulikwisha kuinunua. Siku ya tatu tukapata kasisi wa hekalu la mtoni wa kuusoma uganga. Mnajua kanuni, roho lazima iwe huru na iwe tayari. Msimamizi akamgeukia yule dada akamuuliza: je, roho ya Zaituni iko tayari kurudi?

Alikaa kimya muda mrefu. Nje watoto wanacheza mpira, mmoja anagombana juu ya goli. Akasema, "Iko tayari. Ila si leo. Nikija likizo."

Mkataba wake wa kazi ni wa miaka miwili. Tumesimamisha mchezo hapo, siku ya tatu kati ya kumi, kasisi wa mtoni amekaa, almasi iko mfukoni mwa Kibwana. Leo asubuhi tumemsindikiza uwanja wa ndege, JKIA. Seti ile ya kwanza ya dadu ameondoka na ile ya pande 20, sisi tumebaki na sita.