Uga wa private kwa rifleksheni: ilikubali Java 8, inagoma Java 17

Swali

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatunza programu ya chama cha akiba na mikopo iliyoandikwa enzi za Java 8. Katika majaribio yake, aliyenitangulia aliusoma uga (sehemu ya obijekti inayoshika thamani) `salio`, ambao ni private ndani ya klasi `Akaunti`, yaani haufikiwi kutoka nje ya klasi hiyo. Alitumia rifleksheni, njia ya programu kuzichungulia klasi ikiwa inakimbia, kwa kuita `akaunti.getClass().getDeclaredField("salio")`, kisha `setAccessible(true)`, halafu `get(akaunti)`. Kwingine alichungulia uga `elementData` wa `ArrayList` ili kujua orodha imetengewa nafasi kiasi gani. Mwezi huu tumehamia Java 17 na papo hapo nikaongeza klasi `AkauntiYaAkiba` inayorithi `Akaunti`. Sasa jaribio la kwanza linatoa `NoSuchFieldException` na la pili `InaccessibleObjectException`. Je, Java 17 imefunga rifleksheni kabisa?

Jibu la 1

Haijafunga, na hayo ni makosa mawili yasiyohusiana. La kwanza lingekupata hata kwenye Java 8. `getDeclaredField` hutazama klasi ile ile uliyoiitia tu, wala haipandi kwa mzazi. `getField` hupanda, lakini huleta zilizo public peke yake. Kwa kuwa `getClass()` sasa inarudisha `AkauntiYaAkiba`, ambayo haikutangaza `salio`, uga hauonekani. Andika `Akaunti.class.getDeclaredField("salio")`, kisha umpe `get` obijekti yako ya akiba kama ilivyo. Itakubali, maana kila `AkauntiYaAkiba` ni `Akaunti`.

La pili ndilo la toleo. Java 9, iliyotoka mwaka 2017, ilileta moduli (mafungu ya pakiti yanayoamua kipi kifikiwe kutoka nje), na `ArrayList` imo ndani ya moduli `java.base`, ambayo haijawafungulia watu wa nje pakiti ya `java.util`. Hadi toleo la 15 ulikuwa unapewa onyo tu na kazi inaendelea (nadhani wengi wetu tuliyapuuza maonyo hayo), la 16 likaanza kukataa lisipoamriwa vinginevyo, na la 17 likaiondoa hata ile ruhusa ya jumla. Unaweza kufungua pakiti moja moja kwa kuongeza `--add-opens java.base/java.util=ALL-UNNAMED` unapoiwasha programu.

Jibu la 2

Maelezo ya mwenzangu ni sahihi, ila mimi nisingeongeza hiyo `--add-opens`. `elementData` ni siri ya walioandika `ArrayList`, nao wana haki ya kuibadilisha jina kesho bila kumwarifu mtu. Jaribio linaloitegemea ningelifuta. Kuhusu `salio`, tatizo ni kwamba jina limekaa ndani ya alama za nukuu: siku mtu akiliita `salioHalisi`, kompaila itapita kimya na utaumbuka programu ikiwa inakimbia. Weka mbinu `salio()` isiyo na private wala public, na jaribio likae kwenye pakiti ile ile. Hibernate (maktaba ya kuhifadhi obijekti kwenye hifadhidata) na Jackson (ya kuzigeuza kuwa JSON) hutumia rifleksheni kwa sababu hazikuwa na namna ya kuzijua klasi zako mapema. Wewe klasi ni yako na unaijua.

Muuliza swali

Nashukuru. Nimetumia `Akaunti.class` na jaribio limepita. La `ArrayList` nimelifuta. Swali dogo: tunataka kuigeuza klasi `Muamala` iwe record (klasi fupi ya kubeba data), na kuna jaribio linalobadilisha tarehe yake kwa `set`. Litaendelea kufanya kazi?

Jibu la 1

Kusoma utasoma, kuandika hapana. Uga wa record ni final, na `set` itakutupia `IllegalAccessException` hata kama `setAccessible(true)` ilikubali bila kinyongo. Uga ulio static na final vilevile. Tengeneza `Muamala` mpya wenye tarehe unayoitaka, kwa kuwa konstrakta yake inazipokea thamani zote.